Pedi za breki zikiisha kila baada ya miezi mitano, huo si uchakavu

Mara ya kwanza ilinikuta nikitoka barabara ya I-270, hapa Columbus, Ohio, watoto wanne nyuma, mdogo amelala. Nilikanyaga breki nikiwa kwenye maili 65 kwa saa, sawa na kilomita mia na kidogo, na usukani ukaanza kunicheza mikononi. Gari zima lilitetemeka kama lililoingia kwenye makorongo. Na lilikuwa gari jipya: maili 9,000, miezi mitano tangu tulitoe dukani, viti vinane na milango ya pembeni inayojifungua yenyewe. Katika familia yetu hakuna aliyewahi kununua gari jipya kabla ya hapo.

Jina la gari sitalitaja, wala la duka. Shida yangu ni neno nililoambiwa kaunta kila niliporudi: uchakavu.

Waranti ya msingi ya magari mengi mapya huku ni miaka 3 au maili 36,000, kinachotangulia kati ya hivyo viwili. Inabeba kasoro za malighafi na za utengenezaji. Ukifungua kile kitabu kurasa za ndani, utakuta vitu isivyovibeba, na pedi za breki zimo pamoja na raba za waipa. Kwa hilo sina ugomvi. Kazi ya pedi ni kuliwa ili diski, lile duara la chuma linalozunguka na gurudumu, isimame. Ila pedi za gari la familia hukaa makumi ya maelfu ya maili. Zikiisha kwa maili 9,000, kuna kitu kinachozila, na kitu hicho ndicho waranti iliandikiwa. Mtu anayepanga pedi mpya juu ya kitu kibovu, akakutoza pesa, hajatengeneza breki.

Nilipoenda mara ya kwanza walichonga diski, wakaweka pedi mpya, nikalipa dola 412. Miezi minne haikufika, mtetemo ukarudi, safari hii na harufu ya kuungua kila nikisimama. Nikarudi. Waliliendesha kuzunguka mtaa, wakaniambia halina tatizo, wakanipa funguo.

Kwenye gereji ndogo tunayopeleka magari sisi watu wa Afrika Mashariki na Kongo, kuna fundi mmoja aliyetoka Bukavu. Nilimpelekea Jumamosi asubuhi, gari likiwa na maili 16,000. Alipiga jeki, akatoa tairi la mbele kushoto, akafungua boliti mbili, akainua kalipa, kile kibanio kinachobana pedi kwenye diski. Halafu akazitoa zile pedi mbili za gurudumu moja, akaziweka kwenye kiganja na kunisogezea karibu na macho.

"Mama, ona. Hii ya inje ingali nzito. Hii ya ndani imekwisha kabisa, imefika ku chuma."

Ya nje ilikuwa nene kama kidole changu kidogo. Ya ndani ilikuwa bati, limechubuka na kung'aa, na pembeni lina rangi ya samawati kwa moto. Pedi hizo ziliwekwa siku moja na zinafanya kazi kwenye diski moja.

Akanieleza. Kalipa ya gari kama langu ina pistoni upande wa ndani tu. Ukikanyaga, pistoni inasukuma pedi ya ndani, na kalipa yenyewe inateleza juu ya pini mbili ili ivute pedi ya nje, diski ibanwe pande zote. Pini zikikwama, pedi ya ndani inabeba kazi peke yake, na hata ukiachia pedeli inaendelea kusugua. Diski inapata moto, inaliwa mahali zaidi ya mahali, unene wake unatofautiana, ndipo usukani unapotetemeka. Alijaribu kuivuta pini ya chini kwa mkono, haikusogea. Akaizungusha kwa koleo hadi ikatoka, imevaa kutu, grisi imekauka ikawa kama udongo. Kile kiraba kinachoziba maji kilikuwa kimekaa upande, hakijaingia kwenye mfuo wake.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Nilikuwa nimewaza kwamba pengine naendesha vibaya, maana karani aliniuliza kwa upole kama "huwa ninategemea breki sana". Miezi yote ile nilikuwa nahesabu kila ninapokanyaga. Kumbe kiraba kimekaa upande. Huenda kilitoka kiwandani hivyo, maana mtetemo ulianza kabla ya mtu yeyote kufungua gurudumu. Na kama si kiwandani, basi aliyebadilisha pedi mara ya kwanza alikuwa nacho mbele ya macho yake.

Nikapiga picha za pini, za kiraba, za pedi zote mbili zikiwa pamoja, nikarudi dukani safari ya tatu. Safari hii nilitamka "kalipa" na "pini", na mazungumzo yakabadilika. Walijaribu njia mbili. Kwanza wakasema ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, na chumvi si kosa la kiwanda. Lakini gari hili limeuzwa Ohio. Theluji ya Ohio haikuanza mwaka huu, na kile kiraba kiliwekwa pale kwa ajili ya maji na chumvi. Pili wakadokeza kwamba kumpelekea fundi wa nje kunaweza kuniharibia waranti. Hilo halina ukweli, na naomba kila anayesoma hapa akiwa Marekani alijue. Sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 haimruhusu mwenye kutoa waranti kukulazimisha utumie gereji yake au vipuri vyake, isipokuwa anavitoa bure au amepata ruhusa maalumu. Kama anataka kukunyima kwa sababu ya fundi wa nje, aonyeshe kwamba fundi huyo ndiye aliyesababisha uharibifu.

Kalipa wakaibadilisha bila malipo. Pedi na diski zilizoharibiwa na kalipa hiyo wakakataa mwanzo, kwa sababu ni vitu vya kuchakaa. Nilipoendelea kusimama pale kaunta, meneja akatoka na kusema atanipa diski "kwa hisani". Nilizipokea, watoto wanahitaji breki. Lakini sikwenda kuomba hisani. Kitu kilichokuwa ndani ya waranti kimekiua kingine, na anayelipa cha kwanza anapaswa kulipa na cha pili. Zile dola 412 hazijarudi hadi leo.

Kilichonirudisha nyuma zaidi ni karatasi. Ohio ina sheria ya magari mapya mabovu, yale ambayo Wamarekani huyaita malimau. Ndani ya mwaka wa kwanza au maili 18,000, kasoro ileile ikirekebishwa mara tatu na bado ipo, sheria inahesabu kwamba mtengenezaji amepewa nafasi ya kutosha. Kwa kasoro inayoweza kuua au kujeruhi vibaya, mara moja inatosha. Nilitoa karatasi zangu nikidhani ninazo safari tatu. Ya kwanza imeandikwa: mteja ameomba pedi mpya. Mimi sikuomba pedi, nilisema usukani unatetemeka nikifunga breki. Ya pili: hakuna tatizo lililoonekana. Kwa maandishi, kasoro ya breki ilikuja mara moja tu, siku ile nilipokwenda na picha.

Kwa hiyo sasa siondoki kaunta kabla sijasoma walichoandika. Namwambia karani aandike maneno yangu mwenyewe, tarehe na maili, na kama wanasema hawakuona kitu, waandike pia waliliendesha umbali gani na kwa mwendo gani. Mara nyingine foleni nyuma yangu inanung'unika. Kiingereza changu si cha mahakamani, na wengi wetu tunaona haya kumrudishia mtu karatasi aisahihishe. Ila karatasi hiyo ndiyo watakayoisoma wote watakaokuja baadaye, na mimi sitakuwepo kuieleza.

Nimeingiza pia namba ya chasisi, ile yenye herufi na tarakimu 17, kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani. Gari likiitwa na mtengenezaji lirudi kurekebishwa kwa kasoro ya usalama, matengenezo huwa bure hata waranti ikiwa imeisha. Langu halijaitwa kwa kalipa. Nikajaza malalamiko yangu hapohapo, maana shirika hilo huyatumia malalamiko ya wenye magari linapoamua nini cha kuchunguza. Ilinichukua kama dakika ishirini, mtoto akiwa mapajani.

Jumatatu iliyopita nilituma barua ya pili makao makuu ya kampuni kudai zile dola 412. Nimeambatanisha picha ile ya pedi mbili kwenye kiganja cha fundi, ya nje nene, ya ndani bati tupu.