Kanuni za chuo: mwanafunzi azisake mwenyewe, au aambiwe?

Mwezi Machi mwaka jana binti wa dada yangu alirudi likizo kutoka chuo cha mkoa mwingine, akanikuta barazani kwangu hapa Chikongola, Mtwara mjini. "Shikamoo mjomba." Nikaitikia, nikamuuliza habari za masomo, akanipa simu bila kusema neno. Matokeo ya muhula wa kwanza: B+ mbili, B mbili, na chini kabisa E moja. Yaani ana sapu, mtihani wa marudio.

Huku Kusini, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mjomba hana nafasi ya kusema "kamuulize baba yako". Nikataka kujua ilikuwaje. Akaeleza kwamba siku ya mtihani huo alikuwa na malaria, amelala zahanati tangu jana yake, mkononi bado ana plasta ya dripu. Wenzake wa chumbani wakamwambia ukikosa UE, mtihani wa mwisho wa muhula, umedisko, yaani umefukuzwa chuo; nenda hata kwa kutambaa. Akaenda. Alikaa ukumbini dakika 40, akatoka kutapika, akarudi na kukabidhi karatasi akiwa amejibu swali moja na nusu.

Nikamwomba anifungulie kitabu cha kanuni za chuo chake. Alikuwa nacho kwenye simu, faili la kurasa zaidi ya 200, tangu wiki aliyojisajili na kusaini kwamba amekisoma na kukielewa. Tulikisaka kipengele kwa nusu saa nzima. Ukurasa uleule unaosema anayekosa mtihani bila ruhusa atahesabiwa ameacha masomo, mistari minne chini yake unasema mgonjwa mwenye cheti cha daktari, akitoa taarifa kabla ya mtihani kuanza, atapangiwa mtihani maalumu, na alama atakazopata huko ni zake zote, sawa na aliyefanya siku ya kwanza. Unafuata mstari mwingine: aliyeingia ukumbini na kufanya mtihani amehesabiwa mzima, hatasikilizwa baadaye kwa sababu ya ugonjwa.

Binti akausoma ule mstari wa mwisho mara mbili. Akasema, "Kumbe ningebaki kitandani, mjomba."

Hasara yenyewe inahesabika. Katika vyuo vyetu vingi anayefaulu sapu hupewa C, hata kama kwenye karatasi amepata 80. Kozi ile ilikuwa ya krediti 12, yaani kipimo cha uzito wa kozi. B+ aliyoitarajia ina pointi 4 kwa krediti, C ina 2. Kwa hiyo badala ya pointi 48 atapata 24. Mwaka mmoja wa shahada una krediti 120, na pengo la pointi 24 linaushusha wastani wa mwaka huo kwa 0.2. Anayeona ni kidogo akumbuke kwamba daraja la pili la juu linaanzia wastani wa 3.5 kati ya 5, kwamba milango ya shahada ya uzamili inaanzia 2.7, na kwamba TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, imeweka 3.8 kwa anayetaka kuanza kufundisha chuoni kama mkufunzi msaidizi. Mwenye 3.7 tangazo hilo la kazi halimhusu.

Kosa ni la nani? Nimelijadili swali hili na walimu wenzangu, na mhadhiri mmoja ninayemheshimu, na wazazi. Hawakubaliani, na kila upande una jambo la kweli.

Hoja ya vyuo ina nguvu kuliko wanafunzi wanavyopenda kukubali. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni mtu mzima. Ana umri wa kupiga kura na kufunga ndoa, na mkataba wa mkopo na Bodi ya Mikopo ameusaini mwenyewe. Kitabu amepewa. Kama neno "sikujua" lingekuwa udhuru, hakuna kanuni ambayo ingesimama hata muhula mmoja. Yule mhadhiri aliongeza jambo lililonifanya ninyamaze. Alisema siku chuo kikianza kusamehe wasiojua, wa kwanza kusamehewa ni mwenye shangazi ofisi ya taaluma, na wa mwisho ni mtoto wa mkulima wa Nanyamba. Kanuni isiyopinda inamlinda yule asiye na mtu. Nimeligeuza neno hilo upande huu na ule, sioni pa kulipinga.

Liko pia suala la thamani ya cheti. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, iliyoizaa TCU, na ile ya Bodi ya Mikopo ya mwaka 2004, zote zilipita wakati wa Rais Mkapa, mwana wa Lupaso kule Masasi. Chini ya TCU shahada ya kwanza ina kiwango chake cha chini: krediti 360 kwa miaka mitatu, na kila krediti imekadiriwa kwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Kwa mfumo huo aliyesomea Stella Maris hapa Mtwara anaweza kuweka cheti chake mezani pamoja na cha aliyesomea Dar es Salaam, na vyote vikasomwa kwa kipimo kimoja. Mlegezo wa kienyeji ungewaumiza kwanza waliosomea pembeni kama huku kwetu.

Upande wa pili nao una mambo yake, na naanza na lugha. Kitabu kile kimeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, sentensi moja ina mistari sita na masharti matatu yamefungwa ndani yake. Kijana aliyemaliza kidato cha sita Newala au Nachingwea anaweza kujibu maswali ya mtihani kwa Kiingereza na bado asijue kwamba neno fulani katika kanuni linamaanisha amefukuzwa. Halafu kanuni hazikai mahali pamoja. Nyingine zimo kwenye prospekta, nyingine kwenye waraka wa mitihani, tarehe ziko kwenye kalenda ya chuo, na mabadiliko yanabandikwa kwenye ubao au kupitishwa na CR, kiongozi wa darasa, kwenye kundi la WhatsApp, katikati ya picha za sherehe na matangazo ya vyumba vya kupanga. Aliye na kaka aliyepita chuo anajua asome lipi kwanza. Asiye naye anaokota maneno ya wenzake, kama alivyookota mpwa wangu.

Huku kwetu hatujazoea kumpa mtu kitabu na kumwambia vuka. Mwali anapoingia unyagoni ana somo wake, mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye kazi yake ni kumwambia mambo kabla hajayahitaji. Hakuna anayesema mwali huyo amebembelezwa. Ndiyo maana hoja kwamba kumwelekeza mwanafunzi ni kumdekeza huwa hainiingii akilini.

Mgongano mwingine ni wa kalenda, na sidhani kama unafahamika vya kutosha nje ya Mtwara na Lindi. Vyuo hufunguliwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Korosho nazo ndiyo kwanza zinaokotwa na kupelekwa ghalani. Minada ya vyama vikuu kama TANECU na MAMCU inaanza mwezi huohuo wa Oktoba, na mkulima hapati pesa siku ya mnada. Anasubiri mnunuzi alipe, makato yafanyike kwenye stakabadhi, malipo yashuke hadi AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, na benki. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kujisajili inaweza kupita baba akiwa na gunia 20 ghalani na mfukoni hana kitu. Msimu wa 2018/19 ulikuwa mbaya zaidi: minada ilivurugika, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakakaa miezi wakisubiri fedha zao.

Namjua kijana wa Tandahimba ambaye mwaka ule alibaki nyumbani akingoja. Hakuandika barua. Alidhani chuo kinaona tu kwamba hayupo na kitamngoja, kama duka la jirani linavyongoja deni. Alipokwenda Machi jina lake lilikuwa limeshaondolewa. Angeandika ukurasa mmoja wa kuomba kuahirisha mwaka, akaambatisha vielelezo, akauwasilisha ndani ya muda, nafasi yake ingehifadhiwa, na Bodi ya Mikopo nayo ingepewa taarifa. Alianza upya mwaka uliofuata, chuo kingine, kama mtu ambaye hajawahi kusoma.

Nilichokiona katika visa hivi viwili ndicho kinachonisumbua. Kanuni zenyewe zina huruma kuliko sifa zake. Mgonjwa ana mtihani maalumu. Aliyekwama ana kuahirisha. Asiyeridhika na alama ana rufaa. Mwenye ada pungufu, vyuo vingi vinampokea kwa awamu akiomba mapema. Ila kila mlango una siku ya kufungwa, na siku hiyo karibu kila mara inatangulia siku ambayo mwanafunzi anagundua kwamba mlango upo. Ukali unaolalamikiwa unatokea hapo, kwenye tarehe.

Wa kumwambia tarehe ni mshauri wa masomo, na vyuo vingi vinamtaja kwenye vitabu vyao. Kwa vitendo mara nyingi ni jina tu kwenye orodha. Siwalaumu wahadhiri moja kwa moja. Mtu ana madarasa ya mamia, ana karatasi za kusahihisha, na akitaka kupanda cheo ataulizwa amechapisha makala ngapi. Hakuna atakayemuuliza amewaokoa wanafunzi wangapi wasidisko. Kazi isiyohesabiwa hufanywa na wenye moyo tu, na wenye moyo wanachoka.

Hata ushauri ukipatikana, una hatari ambayo wanafunzi wengi hawaijui: kanuni inambana chuo na mwanafunzi, ushauri wa mdomo haumbani yeyote. Mwalimu mtarajiwa, kwa mfano, anasoma masomo mawili ya kufundishia pamoja na yale ya ualimu. Anamfuata mhadhiri koridoni, anauliza kama anaweza kuacha kozi moja ya jiografia achukue ya historia, anajibiwa "haina shida". Mwaka wa tatu jina lake linakwama kwenye orodha ya wahitimu kwa sababu krediti za somo la pili hazitoshi. Mhadhiri alisema kwa nia njema, pengine alikumbuka kanuni ya zamani. Anayelipa mwaka wa ziada ni mwanafunzi, na Bodi haina wajibu wa kulipia kosa la koridoni. Ushauri wowote unaogusa krediti, usajili au mitihani uwe kwenye maandishi, hata baruapepe ya mistari miwili yenye tarehe. Ni ombi la kawaida kabisa, na mhadhiri makini hawezi kulikataa.

Msimamo wangu ni kwamba kanuni zibaki ngumu kama zilivyo. Sitaki mpwa wangu asamehewe ile E, kwa sababu msamaha huo kesho utamnufaisha mwenye shangazi. Ninachotaka ni chuo kinachodai kwamba mwanafunzi amezijua kanuni kibebe wajibu wa kumwambia zile chache zinazoua, kwa Kiswahili, kabla siku hazijapita. Ukurasa mmoja unatosha: ukiugua, nenda wapi na kabla ya saa ngapi; ada ikichelewa, andika nini na mwisho lini; kozi hubadilishwa hadi wiki gani; rufaa ina siku ngapi. Kisha mkutano wa lazima na mshauri mara mbili kwa mwaka, wiki ya tatu na baada ya matokeo ya muhula wa kwanza, uhesabiwe kama sehemu ya kazi ya mhadhiri inayompa sifa ya kupanda cheo.

Nimeambiwa kwamba hilo litaongeza gharama kwa vyuo ambavyo vina wahadhiri wachache, hasa vya mikoani. Ni kweli. Lakini gharama ipo tayari, sema inalipwa na watu ambao hawaonekani kwenye bajeti: baba aliyeuza korosho za misimu miwili kulipia mwaka mmoja wa masomo, na binti aliyekaa chuoni Septemba peke yake akisubiri kufanya sapu, bila bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, anakula kwa kukopa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria, ambao wengi wao wako kazini Liwale au Ruangwa na kituo chao cha mkoa kiko Lindi mjini, wanasoma kanuni hizi wakiwa peke yao zaidi kuliko hata mpwa wangu; kwao ukurasa huo kwenye simu ungekuwa ndio mshauri wenyewe.

Mpwa wangu alifaulu ile sapu. C. Oktoba, kabla hajarudi chuoni, binamu yake, kijana mwingine wa Tandahimba, alikuja kuaga, amepata nafasi ya mwaka wa kwanza. Niliwakuta barazani, binti amefungua daftari la mistari, anamwandikia tarehe kwa kalamu nyekundu. Kijana akamuuliza kuhusu ada, maana mnada wa kwanza ulikuwa bado na mzee wake hajui atalipwa lini. Binti akahesabu wiki kwenye vidole, akaandika: barua ya kuomba awamu, ipelekwe wiki ya kwanza, usisubiri mnada. Halafu akaichana karatasi, akamwambia aikunje aiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.