Daktari, inama uuangalie mguu wa mama yangu mdogo

Ijumaa iliyopita nilitoka hospitali na hasira ambayo hadi leo haijapoa, na sitaki ipoe kabla sijaandika.

Nilimsindikiza mama mdogo. Wengi wenu mnaosoma hapa mmeshakula chapati zake. Miaka 25 amesimama kwenye lile jiko, kuanzia alfajiri madereva wa kwanza wanapowasha magari mpaka jioni anapokunja turubai. Mguu wake wa kushoto mishipa imetuna kama kamba za nanga. Imejisokota kutoka nyuma ya goti kwenda chini, na juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, kuna kidonda kilichoingia mwaka wa 4. Ngozi inayokizunguka imekuwa nyeusi, ngumu, inang'aa. Ukiigusa kwa kidole haibonyei.

Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi watu wanakwenda kula. Tulipoitwa, mama mdogo akaketi, akafunua khanga hadi gotini, akaanza kufungua kitambaa taratibu kwa sababu kilikuwa kimeganda kwenye kidonda. Daktari akatupa jicho kutoka alipokaa, ng'ambo ya meza. Hakusimama. "Hiyo ni mishipa ya uzee, mama. Punguza kusimama." Akaandika antibiotiki, nadhani ya sita tangu kidonda kianze. Nikamuuliza kama mishipa yenyewe inatibika. Akasema hayo ni mambo ya urembo, na bima hailipii urembo.

Urembo! Mwanamke ambaye kwenye harusi ya binti yake mwenyewe alikwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa kuhofia harufu ya mguu wake. Anayelala mguu ukiwa juu ya mito miwili na bado usiku unamwaka moto. Nilitaka kujibu, mama mdogo akanibana mkono, nikanyamaza. Sasa nasema.

Wacha niwaambie kinachotokea ndani ya mguu ule, maana hata mimi nilipokielewa ndipo neno "urembo" liliponichoma zaidi. Damu kushuka miguuni si kazi. Kazi ni kupanda. Inapanda kwa kusukumwa na misuli ya shavu la mguu kila unapopiga hatua, na ndani ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, kuna vali, vijilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu na kujifunga damu ikitaka kurudi chini. Si elimu mpya. Girolamo Fabrici wa Padua, Italia, aliandika habari za vijilango hivyo mwaka 1603, na mwanafunzi wake William Harvey akavitumia mwaka 1628 kuthibitisha kwamba damu inazunguka mwilini. Ukisimama wima bila kutembea, presha ndani ya vena za kifundoni hufika kama milimita 80 hadi 90 za zebaki. Ukianza kutembea, na vali zako ni nzima, inashuka chini ya 30. Vali zikiharibika haishuki hivyo. Utembee, usimame, mguu unabaki umebeba mzigo ule ule kutwa nzima. Mishipa inatuna, maji yanavuja kwenye nyama, chuma cha damu kinabaki chini ya ngozi na kuifanya nyeusi, kisha siku moja unajikuna au unagongwa na mguu wa meza, na hapo donda ndugu limezaliwa.

Ndiyo maana antibiotiki sita hazikufanya kitu. Zilikuwa zinatibu sakafu iliyolowa wakati bomba limepasuka.

Na hapa ndipo nataka kumtaja Thomas Fogarty, kwa sababu tangu Ijumaa sijaacha kumfikiria. Alizaliwa Cincinnati, Marekani, mwaka 1934. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto, na alipofika umri wa ujana akaanza kibarua hospitalini, kusafisha vifaa, baadaye kusaidia katika chumba cha upasuaji. Akiwa humo aliwaona wagonjwa wanaoletwa na bonge la damu limeziba ateri ya mguu, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni. Wakati ule madaktari walilazimika kuupasua mguu kwa urefu kulitafuta bonge. Wengi walikatwa mguu, wengi walikufa. Kijana yule alikuwa amesimama pale pale, anaona, na jambo likamkaa moyoni.

Alipokuwa akisomea udaktari, chini ya daktari wa upasuaji wa mishipa aliyeitwa Jack Cranley, akatafuta njia. Akachukua katheta, kijibomba chembamba cha kupitishia njia ya mkojo. Akakata ncha ya kidole cha glovu ya upasuaji. Wazo lilikuwa kuufunga ule mpira kwenye ncha ya katheta, kuiingiza kupitia tundu dogo mpaka ipite bonge la damu, kujaza puto maji, kisha kuvuta, na bonge litoke lote. Shida ikawa gundi. Hakuna gundi iliyoshika. Basi akafunga kwa fundo. Fundo la mvuvi, lile alilolizoea tangu utotoni akifunga ndoano kwenye mshipi.

Nendeni soko la samaki la Feri, Kivukoni, Dar es Salaam, asubuhi mkawaangalie vijana wanavyofunga ndoano. Vidole vinakwenda bila macho kuangalia. Kila ninapopita siku hizi nasimama. Fundo la namna hiyo ndilo lililookoa miguu ya watu dunia nzima, na lilitoka kwenye mikono ya kijana aliyeanza kwa kusafisha vifaa hospitalini.

Kampuni zilimkatalia. Alizifunga katheta zile mwenyewe, kwa mkono, na mwaka 1961 ikatumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza. Ilibidi daktari mwingine, Albert Starr, amkutanishe na fundi Lowell Edwards ndipo ikaanza kutengenezwa kiwandani. Hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, aliipata mwaka 1969. Baadaye alipata hataza zaidi ya 100, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya wavumbuzi ya Lemelson-MIT. Leo ingia chumba chochote wanachopasua mishipa ya damu, sema "Fogarty", utawekewa katheta mkononi.

Mtaniambia kwamba Fogarty alishughulika na ateri, na mguu wa mama mdogo ni habari ya vena. Ni kweli. Basi tuje kwenye vena. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mwitaliano Lorenzo Tessari alichukua mabomba mawili ya sindano akayaunganisha kwa koki ya njia tatu, ile ile inayoning'inia kwenye dripu. Bomba moja lina dawa ya kukausha mshipa, la pili lina hewa, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 4 za hewa. Unasukuma huku na huku mara kama 20, na dawa inakuwa povu zito jeupe. Dawa ikiwa maji inachanganyika na damu na kupotea. Ikiwa povu inaisogeza damu pembeni na kugusa ukuta wa mshipa wenyewe, ukuta unanywea na kujifunga. Damu inajitafutia vena nyingine zenye vali nzima. Bomba la sindano na koki! Niambieni hospitali ya mkoa isiyokuwa navyo. (Tafadhali, asije mtu akajaribu hili nyumbani au kwa mganga. Povu likiingia pasipo pake linaweza kuua. Kazi hii inataka ultrasaundi na mtu aliyefundishwa.)

Nikisoma habari za watu hawa naona kila mmoja alianza kwa kuuangalia mguu. Robert Muller, daktari wa ngozi wa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1956 alianza kuing'oa mishipa kwa vijitundu vidogo sana na ndoano, mgonjwa akarudi nyumbani kwa miguu yake. Conrad Jobst hakuwa hata daktari. Alikuwa injinia wa Toledo, Ohio, mwenye ugonjwa huu mwilini mwake. Akagundua kwamba akisimama ndani ya bwawa la kuogelea miguu inapata nafuu, akajiuliza ni kwa nini, na jibu alilolipata ni kwamba maji yanabana zaidi kadiri unavyokwenda chini. Hapo ndipo zilipotoka soksi za kubana zinazokaza kifundoni na kulegea kuelekea juu. Mgonjwa alijichunguza mguu wake mwenyewe kuliko daktari wetu alivyouchunguza wa mgonjwa wake.

Jumatatu tulikwenda kwingine. Daktari kijana, umri wa wadogo zangu. "Shikamoo mama." Akavaa glovu, akavuta stuli, kisha akaiacha, akapiga goti chini. Akaukaribia mguu hadi nikaona aibu kwa sababu ya harufu, yeye hakukunja uso. Kwanza akatafuta mapigo ya damu juu ya unyayo, akasema lazima ahakikishe ateri ni nzima kabla ya kuufunga mguu, kwa sababu ukiubana mguu usiopata damu ya kutosha unauharibu. Akauliza kuhusu kisukari. Akamlaza kitandani, akainua mguu juu, akaisugua mishipa kwa kiganja kuelekea pajani mpaka ikanywea. Akafunga ukanda wa mpira juu ya paja. "Simama sasa mama, taratibu." Mama mdogo akasimama karibu na dirisha. Mishipa ikabaki imelala. Akafungua mpira, na mbele ya macho yetu damu ikashuka kutoka juu, mshipa ukajaa kuanzia pajani, ukapita goti, ukafika kidondani. Sekunde chache tu.

Mama mdogo akaangalia chini, kisha akamwangalia kijana. "Kumbe inatoka huku juu?"

"Ndiyo mama. Huku kinenani ndiko lango lilikoharibika. Kidonda kiko chini lakini ugonjwa uko juu."

Miaka 4, na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kumweleza. Kipimo kile kina jina la Friedrich Trendelenburg, Mjerumani aliyekuwa akiufunga mshipa huo pajani tangu miaka ya 1890. Leo ultrasaundi inaona vizuri zaidi, na kijana mwenyewe ametuandikia twende tukapige. Lakini kipande cha mpira na mikono miwili vilitosha kuonyesha kwamba si uzee na si urembo.

Kuna mambo nayakubali, kwa shingo upande. Foleni ni ndefu, daktari mmoja anaona watu mpaka macho yanafunga. Mabingwa wa mishipa ya damu ni wachache. Mashine ya ultrasaundi inagombewa na wajawazito, na mama mjamzito hawezi kusubiri. Wapo pia wanaotaka vimishipa vidogo vya buluu vifutwe ili wavae gauni fupi, na hao wajilipie. Yote nayakubali, lakini hakuna hata moja linalomzuia mtu kunyanyuka kwenye kiti.

Na bima wasikie: Uingereza, tangu mwaka 2013, mwongozo wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, unasema mwenye mishipa inayouma apelekwe kwa wataalamu, atibiwe kwa joto la leza au la mawimbi ya redio, isipofaa kwa povu, na ikishindikana kwa upasuaji. Mwaka 2018 ukatoka utafiti uliofanyika katika vituo 20 huko huko, kwa wagonjwa 450 wenye vidonda kama cha mama mdogo. Wote walifungwa bandeji za kubana. Kundi moja mishipa ilitibiwa mapema, ndani ya wiki 2. Kundi la pili waliambiwa wasubiri. Waliotibiwa mapema, nusu yao walikuwa wamepona ifikapo siku ya 56. Waliosubiri, siku ya 82. Mama mdogo amesubiri siku zaidi ya 1,400.

Jambo la mwisho, halafu niwaache. Kwenye wodi zetu kuna watu wanaofua mashuka, wanaosukuma vitanda, wanaosafisha vifaa, na wanaona kila kitu. Mmoja wao akija kesho na wazo lake limefungwa kwa uzi, nani atampa dakika kumi? Nauliza kwa dhati kabisa. Anayejua mlango wa kugonga aniandikie.

Kwa sasa mama mdogo amefungwa bandeji, kuanzia kwenye vidole vya miguu hadi chini ya goti, akisubiri tarehe ya ultrasaundi. Zile bandeji mbili zilituchukua pesa ndogo kuliko antibiotiki za mara ya mwisho. Anazifua mwenyewe jioni, anazianika kwenye kamba pamoja na khanga zake. Nimemletea stuli ndefu jikoni, ameikataa mara mbili, jana ameikalia.

Jana pia alinionyesha kopo la maziwa la zamani. Ndani kuna nyuzi. Tangu mwaka wa kwanza, kila mwisho wa mwezi ameupima upana wa kidonda kwa uzi wa cherehani, akapiga fundo mwanzo na fundo mwisho, akaukata na kuuhifadhi. Hakumwonyesha daktari yeyote kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Tulizilaza mezani moja baada ya nyingine, tukaona jinsi kilivyokuwa kikikua, miezi kilipotulia, na masika mawili kilipopanuka. Siku ya ultrasaundi kopo lile tunakwenda nalo.