Ufunguo Kwanza, Sawa. Na Bafu Je?

Ukingo wa hodhi la kuogea katika hoteli kuukuu za Marekani unakaribia goti la mtu mzima. Kijana anauvuka bila kufikiri. Mtu wa miaka 62 aliyelala nje miaka kadhaa kabla ya kupewa chumba humo, mwenye baridi yabisi ya magoti na kisukari kilichomtia ganzi miguuni, anasimama pale na taulo begani, anaupima kwa macho, kisha anarudi kitandani bila kuoga. Wiki chache baadaye majirani wanalalamika harufu. Inafuata barua ya onyo, halafu ya pili. Akirudi barabarani, faili lake litasema alishindwa kutunza chumba.

Tumeanzia bafuni kwa sababu mjadala wenyewe umeganda mlangoni. Tarehe 24 Julai 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri inayozielekeza wizara za makazi na afya ziache kuunga mkono sera ya "nyumba kwanza", yaani kumpa asiye na makazi chumba bila kumtaka kwanza aache ulevi au atibiwe, na fedha zielekezwe zaidi kwenye matibabu ya lazima na masharti ya kuacha ulevi. Watetezi wa sera hiyo wamekuja juu, wapinzani wake wanasema ilichelewa. Pande zote mbili zinabishania nani aruhusiwe kuingia na kwa sharti gani. Kwa wazee, kinachoamua ni kile kinachotokea wakishaingia.

Sera yenyewe ilianza New York mwaka 1992, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alipogeuza utaratibu wa ngazi. Zamani mtu alitoka kambi ya dharura, akapita nyumba ya mpito, akathibitisha kwamba hanywi na anameza dawa zake, ndipo apewe chumba. Tsemberis alianza na chumba: mkataba wa upangaji kwa jina la mhusika, ufunguo wake, na huduma zinamfuata akizitaka. Majaribio makubwa ya Kanada ya 2009 hadi 2013, katika miji mitano na watu zaidi ya 2,000, yalionyesha kwamba katika miezi sita ya mwisho asilimia 62 ya waliopewa nyumba walikuwa ndani muda wote, dhidi ya asilimia 31 ya waliohudumiwa kwa njia za kawaida.  Hata kwa walevi sugu: jengo la 1811 Eastlake mjini Seattle, lenye vyumba 75, lilifunguliwa 2005 na kuruhusu watu wanywe vyumbani mwao. Unywaji ulishuka, kiwango cha kati kikitoka vinywaji 15.7 kwa siku hadi 10.6 ndani ya mwaka. Bado ni vingi, lakini vilipungua bila mtu kulazimishwa.

Wapinzani nao hawazungumzi hewa. Ripoti ya Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani ya mwaka 2018 haikupata ushahidi wa kutosha kwamba nyumba hizi zinaboresha afya ya wapangaji, ukiwaacha kando wenye VVU. Nyumba ilizuia kulala nje. Magonjwa ilikuta na magonjwa ikayaacha. California iliifanya "nyumba kwanza" kuwa sharti la fedha za jimbo mwaka 2016, na mahema yakaendelea kuongezeka. Kitaifa, hesabu ya usiku mmoja wa Januari 2024 ilipata watu 771,480 wasio na makazi, idadi ya juu kuliko zote tangu hesabu hizo zianze. Jibu kwamba kodi zinasukuma watu nje haraka kuliko vyumba vinavyojengwa ni la kweli, ila halimsaidii anayetaka kujua fedha zake zimenunua nini.

Kisha kuna mfano ambao watetezi hawapendi kuukumbuka. Skid Row Housing Trust, shirika lililoanzishwa Los Angeles mwaka 1989, lilikuwa na majengo 29 na vyumba karibu 2,000. Mwaka 2023 liliporomoka kifedha, mahakama ikaweka msimamizi. Mengi ya majengo hayo yalikuwa hoteli za zamani zenye vyumba vidogo na bafu za kuchangia. Hesabu yake haikuwa na siri. Mpangaji analipa asilimia 30 ya kipato. Anayeishi kwa posho ya serikali kuu kwa wazee na walemavu, dola 967 kwa mwezi mwaka 2025 kabla ya nyongeza ya jimbo, analipa kama dola 290. Ruzuku inajazia, lakini inalipwa kwa chumba chenye mtu. Lifti ikiharibika, vyumba vya juu vinakaa wazi. Vikikaa wazi, ruzuku inapungua. Ikipungua, lifti haitengenezwi.

Na lifti si anasa kwa watu hawa. Utafiti wa HOPE HOME mjini Oakland, ulioanza 2013 chini ya daktari Margot Kushel ukiwa na washiriki 350 wenye miaka 50 na zaidi, uligundua mambo mawili. La kwanza, asilimia 44 walipoteza makazi kwa mara ya kwanza baada ya kutimiza miaka 50. La pili, miili yao ilikuwa na shida za watu waliowazidi umri kwa miaka 20: kuanguka, kusahau, mkojo usiozuilika, kushindwa kuoga au kuvaa wenyewe. Aliyefanya kazi miaka thelathini akaangushwa na ugonjwa au msiba hukumwokoa kwa kumpima ulevi. Lakini hukumwokoa pia kwa kumkabidhi ufunguo na namba ya simu ya afisa ustawi anayehudumia wapangaji wengine 25.

Kiini cha tatizo kiko kwenye mifuko miwili isiyochangamana. Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inalipa nyumba ya kulelea wazee, kitanda na chakula vikiwemo, gharama inayozidi dola 8,000 kwa mwezi kwa kiwango cha kati. Mtu huyohuyo akiwa kwenye chumba chake, Medicaid inaweza kulipa mhudumu, ila kwa kawaida hairuhusiwi kulipa kodi. Fedha za makazi nazo zinalipa kodi, haziogeshi mtu. Majimbo machache yamepata vibali vya kulegeza ukuta huo, na kila kibali kina masharti na ukomo wake.

California ina mpango wa wahudumu wa nyumbani unaoweza kufika saa 283 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Saa ni nyingi. Kikwazo ni kwamba mzee ndiye mwajiri. Yeye amtafute mhudumu, amhoji, aidhinishe saa zake. Mwenye dalili za kusahau, asiye na ndugu, aliyezoea kwamba mgeni mlangoni ni polisi au mwizi, hafungui. Wakenya wanaofanya kazi hii Massachusetts na Minnesota wanajua: mlango usiofunguliwa ni zamu iliyopotea. Dawa tunayoiamini ni shirika moja lichukue wazee wote wa jengo, wahudumu walewale wapite chumba hadi chumba tangu asubuhi, na mmoja abaki usiku.

Msomaji aliyewahi kufika Kolandoto au Nunge atasema: basi wakusanyeni pamoja, kama makazi ya wazee ya Tanzania. Kwa kiasi fulani ana haki. Vyumba vilivyotawanyika mjini vinawafaa vijana. Kwa mzee huwa upweke wenye kufuli, au mlango wa watu wanaohamia kwake kwa nguvu na kula posho yake. Jengo moja la wapangaji 40 hadi 60 linaweza kubeba muuguzi na mlinzi wa usiku. Kinachoharibu ni mkataba ukiondolewa: hapo mpangaji anageuka mlelewa, na kumfukuza kunakuwa kazi ya barua moja.

Vipimo vyenyewe havina fumbo. Mlango wenye uwazi wa sentimita 81 angalau, choo cha kimo cha 43 hadi 48, vishikizo vya ukutani kati ya 84 na 91, bafu la kuingia bila kizingiti, kamba ya kengele inayofika sakafuni maana aliyeanguka hafikii iliyoning'inia juu. Jiko linalojizima. Na wiki za kwanza usishangae mtu akilala sakafuni viatu vikiwa miguuni, kitanda kitangoja.

Amri ya 2025 haigusi lolote kati ya hayo, na wengi wanaoipinga nao hawayagusi. Hata fomu ya VI-SPDAT, ambayo miji mingi iliitumia kupanga foleni ya vyumba, ilimpa mtu pointi moja kwa kutimiza miaka 60. Kushindwa kuoga, kubadili nguo na kwenda chooni, yote kwa pamoja, kulipewa pointi moja nyingine.