Rambirambi za Mtu Aliyekuwa Bafuni

Sikuruka baharini. Hilo tuliweke sawa kwanza, maana tangu jana jioni kuna sauti inazunguka kwenye magrupu, dakika mbili na ushee, ya yule jamaa wa boti ya jirani (unajijua, na deni langu la mafuta unalijua pia), anasema eti nimeona mzimu nikajirusha majini na nguo zangu. Niliteleza. Kuteleza na kuruka ni vitu viwili. Mengine aliyosema, kwa bahati mbaya, ni kweli, na mabaya zaidi hakuyasikia kwa kuwa alikuwa mbali. Bora niyaseme mwenyewe.

Mnajua narudia mtihani Novemba. Kiingereza kilinipa F, na msijifanye mmeshangaa. Sisi wa Tanga tumesoma kwa Kiswahili miaka saba, tukaingia kidato cha kwanza tukakuta hadi panzi kwenye baiolojia anaongea Kiingereza. Tuisheni ilipofungwa, mama akasema, nenda Unguja kwa mjomba wako, miezi hii kwao wazungu ni likizo, wamejaa tele, lugha utaiokota ufukweni bure.

Mjomba ana boti ya kupeleka wageni kisiwa cha Changuu. Daftari langu lilikuwa na kurasa mbili za maana. Ya kwanza ni ya kobe, ile mjomba aliyotaka niikariri hata nikiamshwa usiku wa manane: kobe hawa wakubwa waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Na gereza lililopo pale halikufungwa mfungwa hata mmoja. Ya pili ni misamiati, kumi kwa siku, kwa alfabeti. Jana nilifika L. Nikakuta nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: *late*, marehemu, mfano, *the late Mwalimu Nyerere*. Nikaitafuna toka Darajani mpaka pwani.

Najua, najua. Mshaanza kuandika huko chini. Ndugu zangu, miaka minne jina langu lilikuwa kwenye karatasi ya letikama, wale wachelewaji, pale getini. Nimechapwa kwa neno hilo. Lakini mimi nilidhani letikama ni neno moja, Kiswahili cha shule, kama vile daftari. Hakuna aliyewahi kuniambia ndani yake mna kitu.

Saa mbili na nusu asubuhi, mteja wetu akafika peke yake. Mama wa Kijerumani, wa makamo, gauni jeusi, macho mekundu yanatiririka machozi. Sasa hivi najua ni ile krimu ya jua ilimwingia machoni. Sasa hivi. Mjomba akaniambia, "Muulize mwenziwe yuko wapi, tumepatana watu wawili, na maji yanakupwa."

Nikamuuliza. Mama akatazama bahari, akashusha pumzi, akasema: "*My husband is late.*"

Moyo ukanipasuka paa. Tena kumbukeni ni Mjerumani. Watu tunaoambiwa wakikwambia saa mbili ni saa mbili. Mtu wa namna hiyo achelewe vipi? Nikamtazama kwa huruma zote za Tanga. Akaongeza, anatikisa kichwa: "*Always late.*"

*Always* naijua. Ni daima, milele. Marehemu wa milele. Nikaona mama huyu imani yake imekufa kabisa, hata ufufuo hautaraji.

Nikamwambia pole. Nikatafuta la kumliwaza, nikaunda kitu hapo hapo: *the work of God has no mistake.* Akacheka! Alicheka mpaka akashika mbavu. Nikajua msiba umeshampanda kichwani. Nikamuuliza kwa upole, sasa yuko wapi? Akasema yumo bafuni hotelini, bado anaoga, akitoka ataletwa na teksi.

Kuoga kwa mtu aliyekwisha kufa kuna jina lake, na nyote mnalijua.

Nikamwendea mjomba. "Mjomba, bwana wa huyu mama amefariki. Hivi sasa anaoshwa."

"Innalillahi! Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Kwa Kiingereza."

Hapo hakuna aliyebisha. Mjomba Kiingereza chake ni hesabu za dola na *no problem*, kwa hiyo nilikuwa ndiye msomi wa pwani nzima. Nilipomwambia maiti inakuja na teksi, akaduwaa. "Aje nayo hapa? Ndani ya boti yangu?" Nikamwona kabisa anapiga bei kichwani, kisha akaona haya, akavua kofia yake ya kiua, akatia elfu tano, akaipitisha.

Pwani ya Unguja, jamani, ina moyo. Muuza kahawa alitia. Mapapasi, wale wale wanaogombania wageni mpaka kushikana mashati, walitia. Mama wa vitumbua na wenzake wawili wakajifunika kanga, wakaenda kumkumbatia yule Mjerumani, mmoja kulia, mmoja kushoto, wa tatu anamsugua mgongo. Na yeye, masikini, akidhani ndio ule ukarimu tunaosifiwa, akatoa simu akapiga picha. Kwa hiyo mahali fulani Ujerumani ipo picha ya mzungu anachekelea katikati ya wanawake watatu wenye nyuso za matanga.

Tulihesabu shilingi 31,500. Mjomba akasema, "Wewe ndiye mwenye lugha. Mkabidhi."

Nikasimama ubaoni, kwenye ule ubao mwembamba wa kupandia botini, kofia nimeishika kwa mikono miwili kama sinia. Watu wamenyamaza. Ukisikia kitu, ni mawimbi yanapiga ubavu wa boti. Nikakohoa. Nikasema, *Mama, we are very...*

Teksi ikasimama.

Mlango ukafunguka polepole. Ukatoka mguu, mweupe pe, umevaa sandali na soksi. Ukatoka wa pili. Akatoka mzee mrefu, amevaa shati la michungwa, nywele zimelowa zimemgandamana kichwani, maji yanamchuruzika shingoni. Harufu ya sabuni ilitufikia kabla yake. Nilichowaza, na naapa ndicho nilichowaza, ni hiki: wamemwosha vizuri.

Akashuka mchangani anakimbia. Mama wa vitumbua akasema neno ambalo sitaliandika, wazee wangu wamo humu. Mjerumani akambusu mumewe shavuni, akamwonesha saa, akamgombeza kidogo. Mjomba hakumtazama yule mzungu hata mara moja. Alinitazama mimi. Wakanitazama muuza kahawa, mapapasi, na yule jamaa wa boti ya jirani ambaye alikuwa ameshatoa simu.

Marehemu akanifikia. Akaangalia kofia, akaangalia noti, akaniuliza kwa adabu kabisa, hii ni ya nini?

Jamani, Kiingereza chote kilinikimbia. L ilikwenda, K ilikwenda, hata *sorry* ambayo mtoto wa chekechea anayo. Nilitafuta kichwani nikakuta pamebaki sentensi moja tu, imekaa peke yake kama kiti cha plastiki baada ya harusi. Nikaitoa, kwa sauti ya kusoma risala:

"*The giant tortoises came from Seychelles in 1919.*"

Kimya.

Mzee akaweka mkono kifuani. Macho yakamlainika. Akatoa pochi, akachomoa noti ya elfu kumi, akaiweka ndani ya kofia juu ya rambirambi zake mwenyewe, akasema jambo zuri kuhusu wanyama. Nikarudi nyuma hatua moja ili nipate pa kufia. Ubao ukaisha. Hapo ndipo NILIPOTELEZA.

Mengine ya kawaida. Changuu tulikwenda, kobe walikula mboga zao, mimi nilikaa nyuma kwenye mashine nimelowa, baridi la kusi linanipiga. Wenye fedha walirudishiwa, isipokuwa papasi mmoja anasisitiza alitoa elfu mbili wakati sote tulimwona na mia tano. Elfu kumi ya kobe imekwenda kwenye mafuta. Mama amepiga simu kutoka Tanga. Sauti imeshafika huko.

Leo asubuhi nilichelewa kidogo, dakika kumi hazikufika, nilikuwa naona aibu kupita sokoni. Nilipotokeza tu pwani, wote wakasimama. Mapapasi wakajipanga mstari, vichwa chini. Mama wa vitumbua akajifunika kanga akaangua kilio. Muuza kahawa akanijia taratibu na ile kofia ya mjomba, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nimehesabu. Ilikuwa na shilingi mia tatu.