Likizo ndefu ya kijana mwenye selimundu: maji kabla ya vitabu

Shule zikifungwa kwa likizo ya Novemba na Desemba, nyumba nyingi za Mombasa zenye kijana mgonjwa wa selimundu, au siko seli kama wengi wanavyouita, huingia katika mvutano ule ule. Baba anasema mtoto amepoteza siku nyingi wodini, atafutiwe mwalimu afidie. Mama anasema mtoto amechoka, aachwe apumzike. Bibi anapiga simu kutoka bara, anamtaka mjukuu wake. Wote wana hoja. Tatizo ni kwamba uamuzi hufanywa kabla mtu hajauliza mwili wa kijana huyu unaweza nini katika joto la Desemba, na kichwa chake kinashika vipi.

Maswali hayo mawili hayatengani. Katika selimundu chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo ya damu, na ubongo hauachwi. Kwa wenye aina ya SS, yaani waliorithi selimundu kwa baba na kwa mama, picha za ubongo za MRI katika tafiti mbalimbali zimeonyesha kwamba karibu thuluthi hufika mwisho wa ujana wakiwa na makovu madogo ubongoni bila kuwahi kupooza hata siku moja. Kijana wa namna hii anazungumza vizuri, anacheka, anajua habari zote za mtaa, lakini ukimpa maagizo matatu kwa mpigo anafanya la kwanza na kusahau mawili. Anaelewa hesabu leo, kesho imefutika. Anaandika polepole. Ongeza upungufu wa damu unaomchosha na siku za shule alizokosa, utaona kwa nini mwalimu huandika kwenye ripoti kwamba hana bidii. Bidii anayo. Kinachopungua ni kasi na uwezo wa kushikilia mambo kichwani kwa muda mfupi, na hilo halitibiwi kwa kumuongezea saa za darasa.

Pwani haiwezi kulichukulia jambo hili kama la wachache. Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye chembe moja ya urithi wa selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, ndiyo maana hali hiyo imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria kuliko nyanda za juu. Wazazi wawili wenye chembe moja moja, wazima kabisa, wanaweza kupata mtoto mwenye mbili.

Sasa hoja ya masomo. Anayetaka mtoto asome likizoni hakosei. Wiki nane au tisa bila kushika kitabu humrudisha nyuma mwanafunzi yeyote, hasa katika hesabu, na mwenye kumbukumbu dhaifu hurudi nyuma zaidi kwa sababu kile alichokijua hakikuwa kimekaa sawasawa. Lakini kumpeleka tuisheni ya kundi ni kosa, na si kwa sababu tu Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo shuleni. Chumba chenyewe mara nyingi ni cha mabati, watoto thelathini, feni moja au hakuna, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba. Kijana wa selimundu lazima anywe maji mengi, na figo zake haziwezi kuyazuia, hivyo anaomba ruhusa ya kwenda chooni kila baada ya muda mfupi. Mwalimu asiyemjua anaona anatoroka kipindi. Akikatazwa mara mbili, kijana anajitafutia dawa mwenyewe: anaacha kunywa maji. Siku ya tatu au ya nne mifupa inaanza kuuma, na fedha za tuisheni zinakwenda kulipia dripu.

Anayetaka apumzike naye ana ukweli wake, ila mapumziko yasiyo na mpango humharibu kijana kwa njia nyingine. Analala saa nane za usiku na simu mkononi, anaamka saa tano mchana, chai ya asubuhi imempita na dawa nayo imempita. Anakaa ndani siku nzima. Wiki ya pili haongei na mtu. Wazazi wanaona ametulia, kumbe amejifungia.

Kwa maoni yetu njia iliyo bora ni masomo machache sana, ya nyumbani, asubuhi kabla jua halijakolea. Vipindi viwili vya dakika 25, kati yake mapumziko ya dakika 10 ya kunywa na kujinyoosha, kuanzia kama saa moja na nusu asubuhi, siku tano kwa wiki. Somo moja la hesabu, moja la kusoma kwa sauti. Kila siku ianze na maswali matano ya jana na mawili ya wiki iliyopita, bila kuangalia daftari, kwa kuwa kukumbuka kwa kujaribu ndiko kunakokaza jambo kichwani. Hatua za hesabu ziandikwe kwenye kadi na zikae mezani mbele yake. Kumlazimisha azishike kichwani ni kumpima kwenye kile ambacho ugonjwa umekidhoofisha. Agizo litolewe moja, likamilike, ndipo la pili lifuate. Dada au binamu aliyemaliza sekondari anaweza kazi hii kuliko mwalimu wa kulipwa anayekimbizana na silabasi. Kama mtoto anakwenda pia chuoni kusoma Kurani, saa hizo zihesabiwe: kuhifadhi ni kazi kubwa kwa kichwa kama hiki, na ustadh aelezwe mapema habari ya maji na choo.

Maji ndiyo nguzo ya mpango wote. Kijana wa kilo 45 anahitaji kama lita 2 kwa siku ya kawaida, na siku ya joto kali au ya mchezo zifike 3. Ushauri wa kutazama rangi ya mkojo haumfai huyu. Figo zilizoathiriwa na selimundu haziwezi kuukoleza mkojo, kwa hiyo unaweza kuwa mweupe na mwili umekauka. Kinachotegemewa ni kuhesabu chupa: chupa ya nusu lita, siku ya kawaida mbili ziishe kabla ya adhuhuri na nyingine mbili kabla ya kulala, siku ya joto kali au mchezo ziwe tatu na tatu. Dafu linahesabika. Soda na chai ya rangi zisichukue nafasi ya maji. Na mifereji ikikauka mtaani, kama ilivyo kawaida ya mji huu, huyu asiwe ndiye wa kupandisha mitungi ghorofani. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na ngazi za ghorofa tatu katika joto la saa nane mchana zinatosha kumlaza kitandani.

Kuhusu bahari, wazazi wengi hukataza kabisa, na hapo tunaona wanazidisha. Maji ya bahari ya Mombasa Desemba ni ya uvuguvugu. Hatari inaanza anapotoka: nguo mbichi, upepo, na saa tatu zimepita bila tone la maji ya kunywa. Aende ufukwe wa Nyali au Pirates kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi, akae majini dakika 20, atoke, ajifute, avae fulana kavu, anywe, apumzike kivulini kabla ya kurudi. Avae viatu kwenye mwamba, kwa sababu kidonda kidogo karibu na kifundo cha mguu kwa mgonjwa wa selimundu kinaweza kukaa miezi. Mpira vilevile: acheze, apumzike kila dakika 15 au 20, na aruhusiwe kutoka uwanjani bila kuulizwa. Mchezo wa mtaani wa kujifurahisha hauna neno. Ligi ya kugombea kombe ndiyo humponza, maana hakuna kijana wa miaka 15 atakayetoka wenzake wakimtegemea.

Safari ya bara inastahili kufikiriwa zaidi, kwa sababu faida yake ni kubwa na hatari zake pia. Kuonana na bibi, binamu, mashamba, ni afya ya moyo. Lakini Limuru au Nyahururu, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, baridi ya usiku na hewa nyepesi ni vichocheo vya maumivu kwa mtoto aliyezoea joto la pwani. Kanda ya ziwa baridi si tatizo, malaria ndiyo tatizo: dawa yake ya kila siku ya kuzuia malaria isikatike hata siku moja, na chandarua asikose. Basi la usiku lina mtego wake. Kijana anajua gari halisimami ovyo, kwa hiyo anajinyima maji tangu jioni, kisha anakaa saa nane au tisa magoti yamekunjwa. Treni ya SGR ina choo na nafasi ya kutembea, hivyo inafaa zaidi, ila kiyoyozi chake ni kikali. Sweta, soksi na leso vikae naye kitini, visiwe ndani ya sanduku. Dawa nazo zikae kwenye mkoba wa mkononi, za siku zote za safari na wiki moja zaidi. Kabla ya tiketi kununuliwa, mzazi ajue hospitali gani iliyo karibu na kwa bibi inaweza kumtundikia dripu na kumwongezea damu usiku. Kama iko mbali ya saa mbili kwa pikipiki, bibi ndiye aje Mombasa.

Na bibi aelezwe jambo moja waziwazi. Vijana wengi wenye selimundu hukojoa kitandani hadi ujanani, kwa sababu ya zile figo. Jamaa wenye nia njema humnyima maji kuanzia jioni ili godoro libaki kavu, na alfajiri anaamka akilia kwa maumivu. Mpira wa kutandika chini ya shuka na kuamshwa mara moja usiku vinatosha.

Liko jingine ambalo akina mama hawaambiwi na akina baba hawaulizi. Mvulana anaweza kusimamisha uume kwa maumivu, bila hamu yoyote, na hali isiondoke. Anaona aibu, ananyamaza, analala nayo. Baba au mjomba amwambie kabla ya likizo: likitokea, anywe maji, akojoe, atembee, aoge maji ya uvuguvugu, asiweke barafu. Likidumu zaidi ya muda wa saa mbili, hospitali usiku huo huo. Ukitimia muda wa saa nne tangu lianze, madhara ya kudumu huanza.

Dawa zenyewe huachwa likizoni kuliko muhula wa shule, kwa kuwa ratiba imevurugika. Haidroksiyurea, dawa ya kila siku ya selimundu, ina uzito wake hapa: utafiti uliofanywa Kilifi na katika nchi nyingine tatu za Afrika, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria na hata vifo. Faida hiyo inataka kidonge cha kila siku na vipimo vya damu kwa tarehe. Siku ikipita bila kumeza, asimeze mara mbili kesho yake. Maumivu yakianza, parasetamoli na maji kwanza. Ibuprofeni iwe na tahadhari katika mji huu, ambao umepata milipuko ya dengi mara kadhaa, na chikungunya mwishoni mwa 2017: homa hizo huuma viungo sawa na selimundu, na ibuprofeni huzidisha hatari ya kuvuja damu kwa mwenye dengi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi haisubiri asubuhi. Bandama la kijana huyu, ambalo huchuja bakteria katika damu, kwa kawaida limekwisha kazi, na bakteria huenea katika damu kwa saa chache. Vivyo hivyo akilegea upande mmoja, mdomo ukienda upande, au maneno yakamkwama ghafla: ni kiharusi hadi hospitali iseme sivyo. Dua isomwe ndani ya gari.

Tukirudi kwenye ule mvutano wa baba na mama, kinachotufanya tuegemee upande wa masomo machache ni Januari. Wengi wa umri huu wanakwenda shule za sekondari za juu, na nyingi ni za bweni. Huko kuoga ni alfajiri, maji ni baridi, na hakuna mama wa kukumbusha dawa. Kwa hiyo somo kubwa la likizo hii ni kijana kujisimamia, na linafundishwa kwa hatua. Novemba mzazi anampa dawa na kijana anaweka alama kwenye kalenda. Mwanzoni mwa Desemba kijana anameza mwenyewe, mzazi anakagua jioni. Kuanzia Krismasi mzazi anakagua mara moja kwa wiki. Kengele ya simu ifanye kazi ya kumbukumbu, kwa sababu kichwa chake hakitakumbuka hata akiwa na nia. Akisahau mara tatu kwa wiki moja, arudishwe hatua moja nyuma bila kelele.

Wiki ya mwisho ya Desemba ni ya makaratasi: dawa za miezi miwili, kuhakikisha bima ya afya ya SHA iko hai na jina lake limo, na barua ya kliniki kwa shule. Barua iseme mambo mahususi: chupa ya maji darasani, ruhusa ya choo wakati wowote, maji ya moto ya kuoga, asipigishwe magoti juani, asikimbizwe mbio za asubuhi, na jina la mwalimu anayeshika akiba ya dawa. Kama kituo cha upimaji wa elimu maalum, EARC, hakijawahi kumwona, aombewe nafasi sasa, ili muda wa ziada katika mitihani uombwe mapema na si wiki ya mtihani. Nakala za barua ziwe tatu: ya mwalimu mkuu, ya matroni, na moja ikae ndani ya sanduku lake.