Toa maziwa, weka pipa la maji

Ukiuliza mafundi wa kuchomelea vyuma, Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, wanajikinga vipi na moshi, wengi watakujibu: maziwa. Tajiri anayewajali vijana wake huwanunulia pakiti moja moja, na hapo usalama wa karakana unakuwa umekamilika. Nia ni njema, ila hela hiyo inapotea.

Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda kwenye mapafu. Havikutani. Fundi akichomelea bati au bomba lililopakwa zinki, zinki huchemka kwenye nyuzi 907, wakati chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Ndiyo maana moshi mweupe hutangulia. Jioni anatetemeka, ana homa, mdomo una ladha ya chuma, na nyumbani wanasema malaria. Kwa kawaida hupita kwa siku moja au mbili, lakini kifua kikibana ni hospitali. Kinga ni kukwangua zinki sentimita 5 kila upande wa kiungo, kufanyia kazi nje, na kukaa upepo ukupige ubavuni ili moshi usipite usoni.

Hela ya maziwa inunue pipa la lita 200 lenye bomba chini, lijazwe kila asubuhi. Kwa nini pipa? Aliyeungua anatakiwa kumwagiwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na ukitumia lita 10 kwa dakika, lita 200 ndizo hizo. Ndoo moja haifiki popote. Ngozi huendelea kuungua ndani hata cheche ikishazimika, na maji ndiyo yanayoondoa ule moto. Vua saa na pete mapema, kabla mkono haujavimba. Shati la poliesta likiyeyuka na kugandia ngozi, usilivute; mwagia maji juu yake. Kisha funika kidonda kwa nailoni safi ya kufungia chakula, bila kukaza. Dawa ya meno, yai, mafuta ya kula na barafu viacheni kabisa: dawa ya meno na mafuta hufungia joto ndani na kumchelewesha daktari, barafu huumiza ngozi upya. Aliyeungua uso, viganja, maungio, sehemu za siri, au mwenye jeraha linalozidi kiganja chake, huyo apelekwe hospitali bila kujadiliana. Aliyenaswa na umeme usimguse kabla hujakata swichi kuu.

Macho nayo hutiliwa maziwa. Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho kimyakimya, maumivu yakaja baada ya saa 6 hadi 12, usiku wa manane, kama mchanga umemwagwa ndani. Kitambaa safi chenye maji baridi, chumba chenye giza, dawa ya maumivu, na asubuhi kliniki ya macho. Kipande cha chuma kutoka kwenye grenda kikiingia jichoni, usifikiche wala usikitoe. Funika, nenda.

Kando ya pipa weka ndoo mbili za mchanga mkavu. Wanaotengeneza gesi kwa kabaidi wasikie vizuri: kabaidi ikilowa hutoa asetilini, gesi ile ile inayowaka, kwa hiyo kumwagia maji moto wake ni kuuongezea kuni. Mchanga tu. Mashine ya umeme ikishika moto, zima swichi kwanza. Na tenki la petroli lililoletwa kuzibwa tundu, hata likiwa "tupu" mwaka mzima, mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Kama huna njia ya kulisafisha kitaalamu, mrudishie mwenyewe.

Linalonisumbua zaidi ni kazi za majumbani. Cheche husafiri mita 10 na zaidi, hupita chini ya mlango, hujificha kwenye godoro au maranda ya mbao. Fundi anafunga geti saa 11 jioni, anakunja nyaya, anapanda bodaboda. Moto unaanza saa 12. Bei ya kazi iwe na saa moja ya kulinda baada ya cheche ya mwisho, na mteja aambiwe hivyo tangu mwanzo, pamoja na namba ya Zimamoto, ambayo Tanzania ni 114. Katika saa hiyo zunguka pande zote mbili za ukuta, nusa, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na fremu na mbao. Ukihisi joto palipotakiwa kuwa baridi, mwaga maji, subiri, rudia kupima.