Patakatifu pa Nani?

Ndani ya Hagia Sophia, jijini Istanbul, safu za waumini haziendi sambamba na kuta. Jengo lilikamilika mwaka 537 likiwa kanisa lililotazama mashariki. Lilipogeuzwa msikiti mwaka 1453, mihrabu, yaani kishubaka kinachoonyesha upande wa kuswalia, ilibidi iwekwe pembeni kidogo ili ielekee Makka, na mazulia yakafuata mihrabu. Watu wanaswali mshazari katika nyumba iliyojengwa kwa ibada nyingine. Baadaye serikali ya Uturuki ililifanya makumbusho, kisha mwaka 2020 likarudi kuwa msikiti, na wakosoaji wakapiga kelele dunia nzima.

Chini ya kelele hizo kuna swali la zamani: je, utakatifu umo katika mahali penyewe, au unaletwa na wanaoabudu?

Wanaoshikilia mahali wana ushahidi wa kutosha, kwa mtazamo wa haraka. Dini hupokezana viwanja. Pantheon ya Roma, hekalu la miungu mingi, ilifanywa kanisa mwaka 609. Msikiti mkuu wa Córdoba ukawa kanisa kuu mwaka 1236. Mbona kila mgeni anataka palepale alipoabudu mwenzake, kama ardhi ile haina kitu? Lakini mwaka 601 Papa Gregori wa Kwanza aliandika barua kuhusu mahekalu ya wapagani wa Uingereza, akiagiza sanamu ziharibiwe ila majengo yaliyo imara yaachwe, yanyunyiziwe maji ya baraka na kuwekwa madhabahu. Sababu yake haikuwa nguvu ya ardhi. Alitaka watu waendelee kuja mahali walipopazoea. Kwa hiyo kurithishana viwanja kunaweza kuthibitisha mazoea tu, tena mara nyingi ni mazoea yaliyosimamiwa na mshindi wa vita.

Upande wa pili una mfano ninaoupenda zaidi. Hekalu kuu la Ise, Japani, hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwenye kiwanja cha jirani, kwa mbao mpya. Mara ya 62 ilikuwa mwaka 2013. Mbao za zamani hupelekwa kwenye mahekalu mengine. Hakuna anayelia kwamba jengo la asili limepotea, kwa kuwa kinachotunzwa ni ufundi na ibada. Wayahudi nao, Warumi walipobomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, hawakuacha kuwa Wayahudi. Sinagogi na masomo ya Torati viliibeba dini kokote walikokwenda. Ni kweli pia kwamba wameendelea kusali wakielekea Yerusalemu, jambo ambalo wanaodai mahali ni kitu kidogo hupenda kulipita haraka.

Hoja kwamba utakatifu unahamishika inakwama kabisa Uluru, ule mwamba mwekundu wa katikati ya Australia. Kwa Waanangu, wenyeji wa asili wa eneo hilo, njia za mababu zimo ndani ya mwamba huo. Huwezi kuwachongea mwingine. Kwa miaka mingi waliwaomba wageni wasiupande, na wengi wakapanda tu, wakishika mnyororo uliofungwa hapo. Upandaji ulipigwa marufuku Oktoba 2019. Binafsi naona dai lao ni zito kwa sababu halimfukuzi mtu: njoo, tazama, usipande. Dai la mahali linapogeuka kuwa "toka, hapa ni petu", nataka ushahidi zaidi ya hisia.

Ndiyo maana kesi ya Ayodhya, India, inanisumbua. Msikiti wa Babri ulibomolewa na umati wa Wahindu tarehe 6 Desemba 1992, wakidai hapo ndipo alipozaliwa mungu wao Rama. Novemba 2019 Mahakama ya Juu ya nchi ilisema ubomoaji ule ulivunja sheria, kisha ikatoa kiwanja hichohicho kijengwe hekalu, na kuamuru Waislamu wapewe ekari 5 kwingine. Kisheria majaji walisema wanapima ushahidi wa umiliki, si imani. Hata hivyo, kufidia ardhi kwa ardhi kunaingia akilini kwa anayeamini kuwa patakatifu panahamishika tu, ilhali upande ulioshinda ulikuwa umekataa katakata kwamba pake panaweza kuhamishwa.